Makaburi ya Skyrim yana wenyewe

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu mliofika, vijana mnaocheza gemu na ninyi wachache mnaozitengeneza: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni.

Nimepewa mada ya makaburi katika dunia za kubuni. Mada ni pana na jioni ni fupi, kwa hiyo nitakaa katika dunia moja tu ninayoijua vizuri, nayo ni ile ya Tamriel, bara linalobeba mfululizo wa gemu za The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda. Nitakaa zaidi Skyrim, gemu iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, halafu nipite Morrowind ya mwaka 2002 kwa sababu kuna jambo Morrowind ililipata ambalo Skyrim ililiacha.

Nalo ninalotaka kuwaambia ni hili. Kaburi katika gemu linakuwa na uzito pale tu marehemu anapokuwa na mtu wake aliye hai: mtoto, mjane, kuhani, mji mzima, hata adui ambaye bado anamwogopa. Akikosekana mtu huyo, hata ukichonga nguzo nzuri namna gani, ukawasha mishumaa na kutandaza ukungu sakafuni, umejenga stoo ya dhahabu yenye giza. Wengi hapa tumelelewa tukikatazwa kukanyaga kaburi. Lakini tukishika kidude cha kuchezea tunafungua majeneza tangu magharibi hadi alfajiri na mioyo haitushtuki. Mimi sioni kwamba tumeharibika. Naona kwamba waliotengeneza makaburi yale, mara nyingi, hawakutuambia ni ya nani.

Tuanze na lile ambalo karibu kila aliyecheza Skyrim ameliingia, Bleak Falls Barrow, juu ya mlima unaokitazama kijiji cha Riverwood. Hadvar, askari anayetoroka nawe mwanzoni ukimfuata yeye, anakuonyesha mahali pale kwa mbali na kukuambia kwamba alipokuwa mtoto palimletea ndoto mbaya, draugr, yaani maiti wanaotembea, wakishuka mlimani usiku kupanda dirishani kwake. Shikeni neno hilo, nitalirudia. Basi unapanda. Mwenye duka la kijijini, Lucan Valerius, ameibiwa ukucha wa dhahabu na anautaka. Farengar, mchawi wa ikulu ya Jarl Balgruuf kule Whiterun, anataka bamba la kale liitwalo Jiwe la Joka. Ndani unamkuta mwizi, Arvel, amenaswa kwenye utando wa buibui mkubwa. Unaukata utando, anakugeuka na kukimbia na ukucha wake, na hafiki mbali.

Mbele kuna mlango maarufu wenye pete tatu za mawe. Unazizungusha hadi zikae dubu, nondo, bundi, kisha unachomeka ukucha. Jibu limechorwa kwenye kiganja cha ukucha wenyewe. Watu wamelicheka sana jambo hili, wakisema ni kufuli gani ambayo ufunguo wake umeandikwa jibu. Wachezaji wenye subira wakafika kwenye maelezo ambayo mimi nayakubali kabisa: mlango ule haukuwekwa kuwazuia walio hai wasiingie. Uliwekwa ili waliomo ndani wasitoke. Mtu mwenye akili timamu ataupindua ukucha na kusoma. Maiti anayetembea hataweza. Ukilielewa hilo, kaburi zima linabadilika mbele yako. Waliolijenga walijua kwamba jamaa zao wataamka.

Sasa twende kwenye ukuta. Mwisho wa kaburi kuna ukuta wa mawe uliopinda, umechongwa maandishi yanayofanana na alama za makucha. Unausogelea, muziki wa sauti nzito unapanda, neno moja linawaka na kuingia mwilini mwako: Fus, nguvu. Ndiyo sauti yako ya kwanza ya joka, ile utakayowarushia maadui hadi mwisho wa gemu. Wengi wetu tunapiga hatua mbele bila kusoma kilichobaki. Ukuta ule una sentensi nzima, na sentensi hiyo ni maandishi ya kaburi. Unasema kwamba hapa amelala mlinzi, mtunza Jiwe la Joka, nguvu ya ghadhabu na giza visivyokoma. Mara tu unapolipokea neno, jeneza la jiwe lililo nyuma yako linapasuka na mlinzi mwenyewe anasimama. Yaani silaha yako ya kwanza umeinyofoa kwenye wasifu wa marehemu, na yeye ameamka kuidai.

Na si huko tu. Kuta za namna ile zimetapakaa Skyrim nzima, na nyingi zimeandikwa kumkumbuka mtu: shujaa aliyekufa vitani, mzazi, mfalme, msaliti aliyelaaniwa. Lugha hiyo iliundwa na Emil Pagliarulo, na sura ya herufi zake ilichorwa na Adam Adamowicz, msanii aliyechora sehemu kubwa ya mwonekano wa gemu ile. Adamowicz alifariki Februari 2012, miezi michache baada ya Skyrim kutoka. Nami kila nikisimama mbele ya kuta hizo namkumbuka.

Basi hawa draugr ni nani? Ni Wanord wa kale, wenyeji wa nchi ya Skyrim, waliokuwa wakiyaabudu majoka na kuwatumikia makuhani wa majoka. Walipokufa walizikwa pamoja na makuhani wao, wamefungwa sanda, wamewekwa kwenye mianandani iliyochimbwa ukutani, safu juu ya safu. Mkipita kule mtaona pia zana za kutayarishia maiti zimeachwa mezani, na vitambaa vya kitani. Kazi ya mazishi ilifanywa hapo hapo, na mtu aliyejua kazi yake.

Halafu kuna lile swali la mishumaa. Nani anaiwasha? Kaburi limefungwa maelfu ya miaka, wewe ndiye wa kwanza kulifungua, na mishumaa inawaka. Wengine wanalichukulia kama kosa la watengenezaji. Lakini ndani ya gemu mna kitabu cha mtafiti wa Chuo cha Winterhold, Bernadette Bantien, aliyekaa na draugr kwa miezi hadi wakamzoea. Anaeleza kwamba kila siku kundi moja la draugr linaamka, linajikokota hadi kwenye jeneza la kuhani wao, linasujudu kwa saa kadhaa, kisha linasafisha mahali pale kwa uangalifu na kurudi kulala. Kesho yake linaamka kundi jingine. Kwa maoni yake, kwa kusujudu huko wanampa kuhani uhai wao kidogo kidogo, ndiyo maana wao wamekauka na yeye bado ana nguvu.

Naomba tutulie hapo kidogo, kwa sababu ukurasa ule mmoja umefanya kazi kubwa kuliko mapigano mengi. Umenipa sababu ya mishumaa, sababu ya sakafu kufagiwa, sababu ya draugr kunyauka, na juu ya yote umenipa dini. Wale si mazimwi yaliyotegwa njiani kunisubiri mimi. Wana zamu zao. Wanaendelea na ibada iliyoanza kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote aliye hai Skyrim, na mimi nimeingia katikati ya ibada hiyo na shoka.

Dini hiyo ilikuwa ya kutisha, tusijidanganye. Nendeni Forelhost, ngome ya milimani karibu na Riften. Ibada ya majoka ilipoangushwa, mabaki yake yalikimbilia kule, yakazingirwa, na walipoona hakuna pa kutokea wakajimaliza kwa sumu wao wenyewe. Unapita vyumba vyao, unaona walivyolala. Kuhani wao, Rahgot, bado yuko juu akingoja. Mtu hawezi kutoka Forelhost akidhani makaburi ya Skyrim ni mapambo.

Sasa wote hao, pamoja na ukubwa wa hadithi yao, wana upungufu mmoja. Hawana warithi. Mnord wa leo, anayeuza samaki sokoni Windhelm, anajigamba kwa damu ya mababu zake, lakini ni nadra umsikie akisema kwamba babu yake amelala katika kaburi fulani mlimani. Mtu akikurupuka na kulipora kaburi lile, hakuna atakayemshika. Unaziuza panga za maiti kwa mhunzi wa Kinord naye anazinunua bila kuuliza. Hapo ndipo ninapoona ufa.

Na ufa huo unaonekana vizuri zaidi ukirudi kwenye chimbuko. Draugr hawakubuniwa Marekani. Wametoka katika masimulizi ya watu wa Skandinavia na Iceland, wale Wanorse wa zama za Waviking, walioamini kwamba mtu mbaya au mchoyo akizikwa chini ya tuta anaweza kuendelea kukaa humo na mwili wake, akilinda mali yake. Katika saga ya Grettir, iliyoandikwa Iceland, kuna marehemu anayeitwa Kárr Mzee. Amezikwa tutani katika kisiwa kimoja cha Norwei, na anatoka usiku kuwasumbua wakulima. Amewasumbua hadi wote wamehama, na kisiwa chote kimekuwa mali ya mwanawe Thorfinn. Wale tu ambao Thorfinn anawalinda hawaguswi. Mnaona jinsi mzimu huyu alivyo na akili ya mzazi? Amekufa, na bado anaongeza shamba la mtoto.

Grettir anachimba tuta, anashuka kwa kamba, anapigana na Kárr gizani, anamkata kichwa, anatoka na hazina na upanga mzuri sana. Halafu anafanya nini? Anabeba vitu vyote hadi nyumbani kwa Thorfinn na kuviweka mezani. Vina mwenyewe. Anautamani ule upanga kuliko kitu chochote, ila hauchukui. Thorfinn anamwambia kwamba kwanza afanye jambo la kustahili, na upanga anaupata baadaye, kwa mkono wa Thorfinn, baada ya kuiokoa nyumba yake. Hapo ndipo kuna kisa kizima: baba aliyekufa, mwana aliye hai, mgeni aliyeingia kati yao. Skyrim ilichukua tuta, ikachukua maiti, ikachukua upanga, ikamwacha Thorfinn.

Historia yenyewe nayo inasema hivyo hivyo. Mwaka 1904, kule Oseberg nchini Norwei, walifukua tuta lililokuwa na merikebu nzima iliyozikwa mwaka 834, na ndani yake wanawake wawili pamoja na gari la kukokotwa, slei, vitambaa na wanyama. Vito havikuwepo. Tuta lilikuwa limeshavunjwa zamani, na waliolivunja waliacha koleo zao za mbao ndani. Watafiti walipoupima umri wa mbao hizo walikuta ni za nusu ya pili ya karne ya 10. Njia waliyochimba ni pana, kazi ya watu wengi na ya muda, na isingeweza kufichwa. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanaona kwamba ule haukuwa wizi wa usiku. Ulikuwa ujumbe wa kisiasa kwa ukoo uliojivunia kaburi lile: tumewatoa wakubwa wenu nje, sasa nchi ni yetu.

Na hapa niwe mwadilifu kwa Skyrim, kwa sababu kuna mahali ilielewa jambo hilo barabara. Vita ya wenyewe kwa wenyewe inapoanza kupamba moto, pande zote mbili, jeshi la Dola na waasi wa Ulfric Stormcloak, zinakimbilia kaburi moja liitwalo Korvanjund. Wanatafuta Taji la Meno ya Joka, taji la wafalme wakuu wa zamani, ambalo la mwisho kulivaa alikuwa Mfalme Borgas. Ukiwa upande wa waasi unakwenda na Galmar, ukiwa upande wa Dola unakwenda na Rikke, na mlango wa ndani unafunguliwa kwa ukucha vilevile. Ndani kabisa taji limo kichwani mwa draugr aliyeketi kwenye kiti cha enzi. Unalivua. Anayetaka kuwatawala walio hai ameona lazima kwanza amvue aliyekufa. Misheni ile ni fupi na wengi wanaipita mbio, lakini kwangu ni kati ya vitu vya busara sana katika gemu nzima.

Tutoke sasa milimani, tuingie mijini. Baada ya majoka kuangushwa Wanord walibadili dini na wakabadili maziko. Miji mikubwa ina Ukumbi wa Wafu, chini ya ulinzi wa kuhani wa Arkay, mungu wa kuzaliwa na kufa. Whiterun yuko Andurs, Solitude yuko Styrr, Windhelm yuko Helgird, Markarth Verulus, Riften Alessandra. Ni watu wa kawaida wenye kazi ngumu. Andurs ameipoteza hirizi yake ya Arkay humo humo ukumbini, wafu wamechachamaa, naye hathubutu kushuka bila hiyo. Verulus ameufunga ukumbi wake kwa sababu kuna mtu anakula maiti, na hata kulitamka hilo mbele ya watu kunampa taabu. Makuhani hawa wanawaogopa zaidi wachawi, wale wanaochimbua maiti na kuwafanya misukule wa kuwatumikia, kwa sababu kinga ya Arkay ni ahadi kwa aliyekufa kwamba mwili wake hautatumiwa na mtu.

Alessandra wa Riften amenigusa kuliko wote. Baba yake alikuwa kuhani kule Whiterun, akamlazimisha kuifuata kazi ile, na mwana akaikubali akiwa na kinyongo. Baba amekufa. Anakuomba umpelekee Andurs jambia lake la ibada, alilopewa na baba, likawekwe kaburini kwake. Hakuna joka, hakuna pango. Unasafiri kutoka Riften hadi Whiterun na jambia mfukoni kwa niaba ya binti ambaye hakumaliza kugombana na baba yake. Malipo ni madogo. Mimi nimelikumbuka kaburi hilo kuliko yale yote niliyotoka nayo na mifuko imejaa.

Halafu Falkreath. Mji mdogo wa misituni, wenye mvua na ukungu, na makaburi yake ni makubwa kuliko mji. Watu wake wameyakubali hivyo kwamba hata majina ya mahali yanatokana nayo: baa inaitwa Dead Man's Drink, duka la dawa Grave Concoctions, shamba Corpselight. Ukiingia makaburini mapema utakuta maziko. Mathies na Indara, mume na mke, wanamzika mtoto wao wa kike, na kuhani Runil anawaombea. Ukimuuliza Mathies atakueleza aliyemuua na alivyomkuta mwanawe, na aliyefanya unyama huo amefungwa katika jela ya mji ule ule, hatua chache kutoka kaburini. Unaweza kwenda kumsikiliza. Anaitwa Sinding, na ana kisa chake cha pete iliyolaaniwa. Ukishamsikiliza, unabaki na uamuzi wa kumwacha hai au kumuua, na kaburi dogo la Falkreath linakaa juu ya uamuzi huo. Hata Runil mwenyewe, mzee mpole, alikuwa askari mchawi wa jeshi la Thalmor katika Vita Kuu dhidi ya Dola. Ameishia kuwazika watu wa nchi aliyokuja kupigana nayo.

Nisimsahau Helgi wa Morthal. Nyumba imeungua, mama na mtoto wamefia ndani, na watu wa mji wanamnong'ona baba. Unaingia kwenye mabaki ya nyumba na unamkuta mtoto mwenyewe, kivuli tu, anasema yuko mpweke na anakualika mcheze kujificha. Inakubidi umtafute, naye amejificha kwenye jeneza lake. Usiku unakwenda makaburini na unamkuta mwanamke, Laelette, mnyonya damu, anachimba. Alitumwa kuwachoma moto, akamhurumia mtoto, akataka kumfanya wake, na moto ukamtangulia. Anachimba kwa sababu anamtaka Helgi arudi. Nimesema kaburi linahitaji mtu aliye hai anayelijali. Hapa anayelijali ni muuaji, na bado linafanya kazi, pengine kuliko yote.

Na kaburi la Ysgramor. Kodlak, mzee wa kundi la wapiganaji liitwalo Companions, anauawa nyumbani kwao, anachomwa kwa heshima pale Skyforge, tanuri lao la uhunzi, na wenzake wanakwenda naye kwa roho hadi kaburi la mwanzilishi wao kaskazini mwa nchi. Unaweka shoka la Wuuthrad mkononi mwa sanamu ya Ysgramor, mlango unafunguka. Mizuka inayokupiga ndani ni Companions wa kale wanaokupima kama unastahili kusimama pale. Haikuchukii. Farkas, jabari la watu, anakwama njiani kwa kuogopa buibui. Mwisho unamkuta Kodlak akiota moto na wenzake wasioonekana, na kile ulichokileta ndicho kinachomtoa katika laana ya kugeuka mbwa-mwitu ili aende Sovngarde, pepo ya Wanord. Umeingia kaburini kumpa marehemu kitu. Hebu hesabuni wenyewe, katika gemu zote mlizocheza, ni mara ngapi mmeingia kaburini kwa nia hiyo.

Nimewaahidi Morrowind. Kule hakuna Ukumbi wa Wafu wa mji. Kila ukoo wa Wadunmer, wenyeji wa nchi ile, una kaburi lake, mlango wa mbao mlimani, na jina la ukoo juu yake: Andrano, Sarethi na wengine wengi. Ndani ni majivu na mifupa ya mababu, na mababu wenyewe wanalinda. Mdunmer hamwoni babu kama mtu aliyeondoka. Ukichagua kucheza kama Mdunmer unapewa uwezo wa kumwita babu akukinge vitani. Hata ule ukuta mkubwa wa nguvu uliouzunguka Mlima Mwekundu kuzuia tauni ya Dagoth Ur, adui mkuu wa gemu ile, ukuta uitwao Ghostfence, umesimama kwa roho na mifupa ya wafu waliotolewa na koo kulinda nchi. Wafu wanafanya kazi ya ulinzi pamoja na walio hai. Mapema kabisa katika gemu, mwanamke wa Balmora aitwaye Sharn gra-Muzgob anakutuma kuchukua fuvu la Llevule Andrano katika kaburi la Andrano. Unajua jina la fuvu. Unajua ni nyumba ya nani umeivunja. Mimi hapo mkono ulinitetemeka, na picha za mwaka 2002 ni za kizamani kabisa.

Ila Morrowind nayo haikufika mwisho wa njia. Ukiwa Mdunmer, mizuka inakushambulia kama mgeni mwingine yeyote, na ukitoka na fuvu hakuna Andrano anayekuja kukuuliza. Jina limeandikwa mlangoni, mwenye jina hajaandikwa.

Sasa ninyi mnaotengeneza. Najua mtaniambia kwamba watu hawatoshi na fedha hazitoshi. Skyrim ina mapango na magofu zaidi ya 150, na walioyapanga ni timu ndogo ya watu wanane. Walifanya hivyo kwa kutengeneza vipande vya kuta, ngazi na nguzo vinavyoungana, kisha kuvipanga upya kila mara. Vipande ni vile vile. Kilicholitofautisha kaburi la Ysgramor na mengine mengi ni maandishi, na maandishi hayahitaji kompyuta ya bei. Mstari mmoja wa Hadvar kuhusu ndoto za utotoni umelipa Bleak Falls Barrow hofu ambayo chumba kizima cha mitego hakikuipa.

Ndiyo maana nina pendekezo, na ningependa tulianze wiki hii. Bethesda waliitoa Creation Kit, zana yao ya kuhariri Skyrim, tangu Februari 2012, na kwenye kompyuta haina malipo. Tuchukue Bleak Falls Barrow. Tusiguse ukuta hata mmoja wala draugr hata mmoja. Tumwandikie yule mlinzi wa Jiwe la Joka kizazi chake Riverwood. Napendekeza iwe nyumba ya mhunzi Alvor, mjomba wake Hadvar, ambako mtoto alikuwa akiota draugr wanapanda dirishani. Pengine walikuwa wanamtafuta yeye. Mchezaji akishuka mlimani na upanga wa mlinzi akataka kumuuzia Alvor, Alvor autambue. Anayejua kuandika mazungumzo akae upande huu, anayeijua zana akae na mimi mbele, na wenye sauti nzuri wajiandikishe kwa mwenyekiti, kwa sababu tutamhitaji Alvor, mkewe Sigrid na binti yao Dorthe, na Hadvar atakuwa na maneno mengi.